Kebo za Mjomba Mbwana

Msambweni
9 Oktoba 2024

Kwa mjomba wangu Mbwana,

Shikamoo mjomba. Natumai barua hii itakukuta huko Wasini umeamka salama na kifua hakikusumbui. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Ummi ametimiza miaka miwili, meno ya nyuma yanamwota, basi anauma kila kitu, hata bega langu. Mama mkwe hajambo kule Lungalunga. Baba Ummi naye hajambo kazini huko Doha, anakusalimu sana.

Nimekupigia simu, inaita mpaka inakatika, hupokei. Nikasema labda ni mtandao. Ndiyo nikashika kalamu, nawe unajua niliishia darasa la saba, unisamehe mwandiko. Thoya wa gari la soda hufika Shimoni kila wiki, amekubali kumkabidhi nahodha wa mashua inayokuja kwenu.

Mjomba, ni habari ya vyombo. Ulipoacha ufundi wa sauti kwenye bendi kule hotelini Diani ukaniletea zile spika mbili, miksa na mikrofoni, ulisema nikae navyo visije vikaliwa na kutu. Mimi sikukaa navyo tu. Bi Mwanaima, mkubwa wa kile kikundi cha kina mama wa ngoma ya chakacha, alikuja akaniomba niwe fundi wao wa sauti siku za kupamba bi harusi. Siku hizo mwanamume haingii, wanawake wamevua buibui wanacheza. Zamani walikuwa wakimchukua fundi Kahindi wa Ukunda. Yeye hukaa nje ya ua ametazama barabara, na kebo zimepitishwa chini ya makuti. Mikrofoni ikizima, mpaka wanawake wote wajifunike ndipo aingie, na akiingia ameinamisha kichwa hata hakioni anachokitengeneza. Kwa hivyo walifurahi kupata fundi mwanamke. Mimi nilifurahi kuwashinda.

Basi harusi ya kwanza, hapa hapa mtaani, sauti ikawa inakatika. Krrr, krrr, kama mtu anakanyaga majani makavu. Bi harusi anatolewa, mwimbaji anafungua kinywa, kimya. Mara sauti inarudi kwa kishindo mpaka watoto wanalia. Nikiishika kebo pale inapoingia kwenye mikrofoni, inapona. Nikiiachilia, inakufa. Nilisimama nimeishika mpaka mwisho wa shughuli, Ummi mgongoni. Wakanicheka, wakasema wamepata fundi na kigingi kwa pamoja.

Bi Mwanaima amenipa nafasi moja tu. Mwezi wa pili anamwoza kitinda mimba wake. Siku hiyo sauti ikikatika tena watamrudia Kahindi. Nami nikiikosa kazi hii, sina la kunikalisha kwenye chumba changu hapa. Wakwe wanataka nikakae nao Lungalunga. Ni watu wazuri, sina neno nao. Lakini huko sina mtu.

Niambie ninunue kebo gani na vichwa gani, visivyoweza kunitia aibu.

Mpwa wako akupendaye,
Subira


Wasini
22 Oktoba 2024

Mwanangu Subira,

Marahaba. Barua imefika, mwandiko unasomeka. Kifua changu kizuri. Nyumba ya marehemu mke wangu iko vile vile ulivyoiona, ila paka amezaa ndani ya kabati la nguo na sasa kanzu zangu ninazianika nje.

Simu yangu kioo kimepasuka. Usijisumbue kupiga. Andika.

Kuhusu kebo, usinunue chochote kwanza. Tujue ile imekufa kwa nini, la sivyo hata hiyo mpya utaiua. Nijibu haya. Unaikunja vipi ukimaliza kazi? Unaiweka wapi? Kisha chukua wembe, ukate kile kichwa kinachoingia kwenye mikrofoni pamoja na shibiri moja ya kebo yenyewe, ukifunge kwenye karatasi, umpe Thoya. Usikionee huruma. Hicho kimekwisha kufa.

Msalimu mumeo Swabir akipiga simu. Mbusu Ummi.

Mimi mjomba wako,
Mbwana


Msambweni
4 Novemba 2024

Kwa mjomba Mbwana,

Shikamoo mjomba, na pole kwa kanzu zako. Ummi akisikia habari ya paka hulala na furaha, kwa hivyo nimemsomea barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Hapa kumenyesha, paa langu linavuja upande wa jiko tu, kitandani bado.

Nimekata. Nilifumba jicho moja kama ninayemtahiri mtoto wa watu. Kichwa hicho hapo, nimekifunga kwenye karatasi ya mkate.

Umeuliza ninavyoikunja. Naizungusha baina ya kiganja na kiwiko, kama kamba ya kisima, nakaza vizuri isichukue nafasi. Naiweka uvunguni mwa kitanda ndani ya ndoo. Ninavitunza mjomba, wallahi, usije ukadhani navitupa ovyo. Vile vichwa hata navipaka, visishike kutu ya chumvi.

Sasa nami nikuombe. Njoo ukae hapa siku mbili tatu, uisikilize mwenyewe. Nakumbuka nilipokuwa mdogo ulikuwa ukilala pale barazani, bendi ya jirani ikifanya mazoezi, na macho umefumba ukasema kebo ya gitaa ni mbovu, waibadilishe. Wakaibadilisha kweli. Mtu kama wewe hahitaji kukatiwa vichwa na kutumiwa kwenye karatasi ya mkate. Mkeka upo na paa halivuji upande huo.

Siku za Ijumaa nyumba hii huwa kimya sana.

Mpwa wako,
Subira


Wasini
26 Novemba 2024

Mwanangu Subira,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Vitoto vya paka vimefumbua macho.

Nilipoifungua ile karatasi nilidhani umeniletea kaimati, mafuta yamelowa karatasi yote. Kumbe ulichokuwa ukivipaka vichwa ni mafuta ya nazi. Nimekicheka kwanza, kisha nikakihurumia. Mwanangu, mafuta ya nazi ni ya nywele na ya panga. Pini za kebo zinataka kugusana uchi. Ukizipaka, mafuta yanakamata vumbi la uani na chembe za mchanga, yanaganda, na umeme wa sauti haupiti. Ndiyo ile krrr. Zilizobaki zifute zote kwa pamba na spiriti ya hospitali, mpaka pamba itoke safi. Baada ya hapo ni kitambaa kikavu tu. Ndoo iwe na kifuniko, na chini uweke kitambaa chenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu.

Hiyo ni nusu ya ugonjwa. Nusu ya pili ni kiwiko chako. Nimeichana ile shibiri, nyuzi za ndani zimekatika kama tambi. Ukizungusha kwenye kiwiko unaisokota, na nyuzi hazipendi kusokotwa. Mzunguko mmoja uukunje kuelekea kwako, unaofuata uugeuze kwa nyuma, hivyo hivyo mpaka mwisho, mzunguko mpana kama sinia. Mazoea yatakuja.

Sasa nenda Ukunda ukanunue. Usivutwe na unene. Nyingi ni nene kwa mpira tu, ndani mna nyuzi chache kama masharubu ya paka. Mwombe mwuzaji akukatie ncha. Ikunje kidoleni, ukiiachilia ijinyooshe yenyewe. Ikibaki imejikunja, iache. Ndani utakuta nyuzi zilizofumwa kama ukili wa mkeka kuzunguka zile za katikati. Ziwe zimefumwa karibu karibu, zisiwe zimezungushwa tu, maana zilizozungushwa hufunguka ukizikunja na mngurumo ukaingia. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, hiyo ni alumini ya sufuria iliyovishwa rangi ya shaba, itakatika. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, nunua.

Kichwa kiwe cha chuma, cha kufungua kwa kuzungusha, na ndani kiwe na meno yanayouma ngozi ya nje ya kebo, si nyuzi. Mtu akiikanyaga, ngozi ndiyo ivutike. Vile vya plastiki vilivyoumbwa pamoja na kebo havifunguki. Siku vikifa unatupa.

Nina neno jingine. Barua ya kwanza ulinipa salamu za Swabir. Ya pili hukunipa.

Mjomba wako,
Mbwana


Msambweni
15 Desemba 2024

Kwa mjomba wangu Mbwana,

Shikamoo. Tumepata barua yako, na nimeona aibu mpaka masikio yakawaka, kisha nikacheka peke yangu hadi Ummi naye akacheka bila kujua sababu. Mama mkwe alikuja siku mbili, akaniletea mihogo na mbaazi. Alikitazama chumba, akaitazama ndoo ya kebo, akauliza hawa nyoka nitahama nao lini. Nikamwambia Mungu akipenda tutaona.

Mjomba nimekwenda Ukunda. Duka la kwanza walinifukuza walipoona wembe. La pili ni la kijana mmoja wa bara, Harrison, anauza spika na taa za disko. Nilimwambia anikatie ncha. Akanitazama mimi, akamtazama Ummi mgongoni, akasema, "Mathe, hii ni kebo, si kitenge." Nikamjibu kitenge ningekishika tu, hii nataka kuichana. Akacheka, akakata.

Ile ya kwanza ilikuwa nyekundu juu. Nikaikwangua, nyeupe. Nikairudisha. Ya pili ilikuwa na nyuzi nyeupe juu. Nikataka kuirudisha hata bila kuikwangua, maana uliniambia nyeupe ni mbaya, lakini Harrison akasema kwangua basi, si umekuja na wembe. Ndani nyekundu. Hukuniambia habari ya nyeupe juu, nyekundu ndani. Nilikaa pale dukani nimeshika uzi kama mtu aliyepotewa na njia. Mwishowe niliikunja kidoleni, ikajinyoosha yenyewe bila haraka, na kufumwa ilifumwa vizuri, nikainunua. Nimepata ya kutosha kebo mbili, na vichwa vya chuma vyenye meno. Harrison ndiye aliyenilehemia vyote, mimi mkono wangu hauwezi, niliwahi kujaribu nikauchoma.

Nimeijaribu nyumbani. Krrr imekwisha kabisa. Lakini moja inanguruma. Sauti ndogo ya chini, mmmm, kama friji ya jirani. Nikizima taa ya barazani inapungua. Kwa hivyo naileta kwako nzima nzima. Una ile redio ya sola yenye tundu la mikrofoni. Ichomeke, uisikilize, uniambie kama Harrison amenidanganya. Dakika moja tu ya masikio yako.

Kuhusu salamu, usiniulize mjomba.

Subira


Wasini
19 Januari 2025

Subira mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Paka mmoja nimempa jirani.

Nyuzi nyeupe juu na nyekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati. Ndiyo nzuri kuliko zote kwa watu wa pwani, chumvi haiili haraka. Kosa ni langu kutokukwambia. Umechagua vyema kwa kidole chako.

Mletaji amebeba sanduku. Ndani kuna kebo zangu zote za Diani, vichwa vipya ambavyo sijavitumia, risasi ya kulehemia na chuma chake. Ile kebo uliyoniletea nimeirudisha humo. Chukua vyote. Mimi sivihitaji, wala usinirudishie.

Mbwana


Msambweni
27 Januari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ummi hajambo. Leo sina habari nyingine, nitakwenda moja kwa moja.

Nimelifungua sanduku. Kila kebo imekunjwa mzunguko mpana kama sinia, imefungwa kwa utepe wa khanga. Nikazishika moja moja. Badala ya kufurahi nililia, na sikujua nalia nini, maana nilikuwa nimepata nilichokiomba na zaidi. Nikaona mtu hatoi kebo zake zote hivi. Hivi ndivyo watu wanavyogawa nguo za marehemu.

Na kuhusu mngurumo hukunijibu.

Thoya alipoleta sanduku nilimkalisha nikampa chai. Nikamuuliza mjomba yukoje. Akasema hajambo. Nikamkazia. Akaniambia safari hii alivuka mwenyewe mpaka Wasini, na kila alilokuambia ulimtazama midomo, na akigeuka pembeni unamwambia rudia. Kwamba watoto wa pale wakitaka kukwambia neno wanachora kwa kijiti mchangani. Nilimkatalia. Nikamwambia Mjomba Mbwana husikia kebo mbovu akiwa usingizini. Thoya akanywa chai yake.

Baada ya yeye kwenda, nikayapanga. Simu hupokei. Kusikiliza kebo hutaki. Kuja hutaki. Nami nimekuwa nikikwambia masikio, masikio, kila barua. Nisamehe.

Kama ni kweli, niambie mwenyewe. Nami nikwambie langu, ili usione nakuvua nguo peke yako. Swabir hajapiga simu tangu mwezi wa tano. Mwanzo alikuwa akipiga kila Ijumaa baada ya swala. Sasa namba haipatikani, na wenzake waliokwenda pamoja wanasema amehama kambi, hawajui zaidi. Salamu zile nilizitunga. Kila Ijumaa naiweka simu juu ya spika nisiikose, kisha nakaa.

Harusi ni tarehe kumi na tano ya mwezi ujao.

Subira


Wasini
6 Februari 2025

Mwanangu Subira,

Marahaba, mama.

Ni kweli.

Lilianza sikio la kulia, upande niliokuwa nikikaa karibu na spika miaka yote ile. Kilichokwenda kwanza ni sauti nyembamba: njuga, matoazi, ndege. Nikawa naona bendi imefifia, basi naongeza ule wembamba kwenye miksa. Naongeza. Wageni wakawa wanaondoka kwenye viti vya mbele wameshika masikio, nami nawaza hawa Wazungu hawajui muziki. Mpaka mwimbaji wetu, msichana mpole, akaja akanishika mkono akaurudisha chini mwenyewe. Nikajua. Mwezi ule ule nikaleta vyombo kwako nikasema nimechoka. Sikio la kushoto lilinifuata nikiwa huku. Sasa nasikia kitu kama maji ndani ya kichwa, basi.

Redio niliichomeka kebo yako. Niliiweka sikioni, nikaiweka kwenye jino nipate mtetemo, kama tulivyokuwa tukifanya kwa mzaha. Sikupata kitu. Nilikaa nayo mwezi mzima nikitafuta namna ya kukuandikia. Nikaona bora nikupe kila kitu nisiulizwe tena.

Sikukwambia kwa kuwa wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa bado ananiuliza habari za sauti.

Nimeusoma tena mngurumo wako. Umesema ukizima taa unapungua. Basi kebo haina kosa, na Harrison hakukudanganya. Umeilaza sambamba na waya wa stima. Itenge nao. Pale zinapolazimika kukutana, zipishane kama msalaba, zisilale pamoja. Kisha kwenye mguu wa stendi ya mikrofoni ifunge kebo fundo legevu, uache mkunjo wa ziada chini, mtu akiikwaa avute fundo.

La Swabir nimelisikia. Sina la kukupoza nalo. Usitunge tena salamu kwangu.

Kuja siwezi. Nitakaa vipi na watu? Wataniamkia nisiitike, waseme Mbwana amekuwa na kiburi. Huku wamenizoea.

Mungu akusimamie siku hiyo.

Mjomba wako


Msambweni
17 Februari 2025

Mjomba wangu Mbwana,

Shikamoo, na kaa kitako, hii ni ndefu. Ummi ana mafua tu, anapona. Mama mkwe alikuja harusini, nitafika huko.

Kwanza mngurumo. Nilizitenganisha kama ulivyosema, ukaondoka hapo hapo, kama mtu aliyefunga mlango wa friji. Nikakaa chini nikasema, huyu ndiye asiyesikia?

Jumamosi nilifika kwa Bi Mwanaima kabla ya wapambaji. Nilitumia kebo zako mbili na mbili zangu. Nikazipishanisha kama msalaba, nikafunga fundo, nikafuta pini kwa kitambaa kikavu. Wanawake wakaingia, udi unafuka, buibui zimerundikwa chumba cha nyuma mpaka mlango haufungi. Nikafungua sauti yote. Hakikusikika kitu. Si krrr, si mmmm, kimya kitupu. Bi Mwanaima akanijia mbio jasho linamtoka, ananiuliza mbona sijawasha mpaka sasa. Nikamwambia nimewasha. Hakuamini. Akasogea kunisemesha vizuri, mdomo uko juu ya mikrofoni, na uwanja mzima mpaka barabarani ukasikia, "Subira, leo ukinitia aibu nakunyonga kwa hizi kamba zako."

Wanaume waliokaa nje wakajibu kwa pamoja, "Mwache mtoto wa watu." Tulicheka mpaka bi harusi ndani akauliza kuna nini.

Basi ikaenda. Alasiri yote. Mwimbaji akinong'ona, unasikia mnong'ono. Bi harusi alipotolewa, bibi yake, mzito, akaingia uwanjani kucheza, mguu ukanasa kwenye kebo. Stendi ikaanguka. Mikrofoni ikapiga chini, du. Nikaruka na Ummi, nikijua ndiyo imekwisha, Kahindi arudi, nami nifunge virago. Lakini fundo lilivutika, kichwa kikabaki kimeuma. Na bibi, amekaa pale chini hajaumia, akaiokota mikrofoni akaimba ubeti wake akiwa ameketi hivyo hivyo. Sauti ilitoka safi kama maji ya mtungi. Watu wakamtunza pesa mpaka akakataa kuinuka.

Bi Mwanaima aliniita mwisho mbele ya mama mkwe. Akasema baada ya Idi kuna harusi nyingi, kazi ya kikundi ni yangu, na mama mkwe asinipeleke popote. Mama mkwe akatazama chini, akasema yeye alitaka tu nisikae peke yangu. Nikamshika mkono. Kweli hilo ndilo alilotaka, mjomba, si jambo baya.

Lakini nilirudi nyumbani, Ummi amelala, nikafuta kebo moja moja, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nimengoja mpaka leo nikuandikie wewe.

Sasa sikiliza. Kikundi kinataka kebo nyingine, na Bi Mwanaima ana dada zake Vanga na Gazi wenye vikundi vyao, wote kebo zao zinakatika. Vichwa ninavyo, risasi ninayo. Kulehemu siwezi. Mwana huyu akinivuta gauni namwaga risasi mguuni. Wewe mikono yako haijaugua, na macho yako yaliona mafuta ya nazi mbali huko. Lehemu wewe. Nitasikiliza mimi. Nitakuandikia ninachosikia, nawe utaniambia ni nini, kama ulivyonitambulia ule mngurumo. Hiyo si kazi ya kupewa kwa huruma.

Kuhusu watu kukuamkia, nitawaambia mimi, mmoja mmoja, kabla hujafika. Nimeshamwambia Bi Mwanaima. Akasema yeye ana sauti kubwa, pengine utamsikia.

Ramadhani imefika mlangoni. Sina mtu wa kula naye daku.

Mpwa wako,
Subira


Wasini
24 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa Ummi. Nimeisoma barua nikiwa nimeketi, kama ulivyoamuru.

Paka wawili nimewagawa. Mama yao nakuja naye, Ummi asidhani nilimdanganya.

Nitavuka Alhamisi asubuhi, Thoya atanipakia Shimoni pamoja na makreti. Nimemwandikia karatasi asinisemeshe akiendesha, maana itabidi nimtazame mdomo naye atanitazama, tutaingia shimoni.

Mambo machache ujue mapema. Usiniachie mtoto peke yake, akilia nyuma yangu sitajua. Usiku nikizungumza kwa sauti kubwa nizuie, mimi sijipimi tena. Tukila, nikae mahali pa mwanga, nikuone midomo. Na daku uniamshe kwa mkono.

Stendi ya magari ya Msambweni ina watu wengi na mimi nimezoea kisiwa. Kama utafika unikute nimesimama nimekupa mgongo, usiniite. Nishike bega.

Mjomba wako,
Mbwana